Nakala Tatu za Sindano

Mtaani walimwita Sindano, na si kwa sababu tu alikuwa fundi wa cherehani. Mafundi walikuwa wanne katika barabara ile na hakuna mwingine aliyepewa jina la chombo chake. Yeye aliitwa hivyo kwa sababu ukimletea kitambaa cha mita tatu, alikipima mbele yako, kisha akakukabidhi futi ukipime na wewe, ili kesho usije ukasema amekukatia kipande cha kushonea foronya zake. Watu aliwapenda. Benchi la wateja pale kwenye kibanda chake halikupata kupoa tangu saa tatu asubuhi mpaka jioni. Lakini kupenda watu ni jambo moja na kuwaamini ni jingine, na Sindano alikuwa ameyatenganisha mambo hayo mawili kwa mkasi.

Sasa mtu wa namna hiyo akiandika riwaya, mnategemea nini?

Aliiandika kwa miaka miwili, madaftari saba. La kwanza alinunuliwa na wifi yake, dada wa mumewe, karani wa masjala aliyelinda mafaili ya ofisi kama kuku anayelalia mayai. "Wifi," alimwambia, "haya maneno unayotusimulia yanapotea bure. Yaweke mahali." Sindano akayaweka. Asubuhi kabla ya kufungua aliandika kidogo. Mchana alishona huku akiipika hadithi, kanyagio likienda, sentensi ikienda, akiigeuza hivi na vile mpaka ikae sawa begani. Jioni aliimwaga kwenye daftari.

Ilikuwa hadithi ya mapacha. Mmoja aliposwa, mwingine ndiye aliyetoka chumbani siku ya harusi, ndani ya gauni la mwenzake, na wageni wote wakashangilia. Aliyegundua ni fundi aliyelishona lile gauni, maana begani lililegea kwa vidole viwili, na fundi hasahau bega alilolipima. Tena miguuni, mahali pa viatu vyeupe alivyonunuliwa pacha wa kwanza, bibi harusi alivaa viatu vyekundu, vyake mwenyewe, kwa kuwa vile vyeupe havikumwingia. Fundi aseme au anyamaze? Hapo ndipo kitabu kilipoanzia.

Hofu yake ilikuwa moja tu: kuibiwa. Hakuwa na hadithi ya pili. Gauni likiibiwa utashona jingine, lakini hii ilimtoka mara moja kama mtoto wa uzeeni, na mtu akiisimulia kabla yake, yeye angebaki mtu wa kusema "ilikuwa yangu," na nani humsikiliza mtu wa hivyo?

Kwa hiyo alitumia ujanja wa kazi yake. Zikija sketi thelathini za sare, kitambaa kimoja, rangi moja, lazima mama mmoja atasema, "Hii si ya mwanangu." Ndiyo maana ndani ya pindo la kila sketi Sindano huweka mshono mmoja wa uzi wa rangi tofauti, usioonekana na mvaaji. Ukizuka ugomvi, yeye hugeuza pindo tu, akanyamazisha watu. Akajiuliza, kwani kitabu kina pindo wapi? Akaliona: viatu. Rangi ya viatu ilitajwa mahali patano.

Akapaziba mahali pote patano kwa viraka vya karatasi, akaenda kwenye duka la kutoa kopi, akakaa ubavuni mwa dada mpiga chapa siku kumi na moja. Kila walipofika kwenye kiraka alisema, "Acha nafasi." Flashi ilipotoka kwenye kompyuta iliingia kwenye kamba shingoni mwake, karibu na futi. Siku ya mwisho akamwambia yule dada afute kila kitu, na alipofuta akamwambia afungue tena waone kama kweli kimefutika.

"Mama, mimi sisomi," alisema yule dada, muziki ukimvujia masikioni. "Naona herufi tu. Ukiniuliza hii ni hadithi ya nini nitakuambia ni ya A mpaka Z."

"Wanaosema hawasomi ndio wanaosoma," Sindano akamjibu, akaondoka na nakala tatu kifuani.

Nyumbani alichukua kalamu akajaza nafasi kwa mkono. Nakala ya wifi yake: viatu vya kijani. Ya Mwalimu, mzee mstaafu aliyemfundisha darasani na ambaye angemsahihishia lugha: vya njano. Ya mchapishaji: vya bluu. Vyekundu vilibaki chini ya viraka kwenye madaftari, na madaftari yalibaki kwenye sanduku la bati chini ya meza ya kukatia, na ufunguo ukalala pale shingoni pamoja na flashi. Sura ya mwisho hakumpa mtu. Mwishoni mwa kila nakala aliandika: "Mwisho upo. Nauhifadhi."

Mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache, alimwona na msururu wa vitu shingoni akamuuliza, "Na mimi umeniwekea rangi gani?"

"Wewe husomi."

"Afadhali," akasema mumewe.

Miezi miwili ikapita, barua ikaja kutoka kwa mchapishaji. Wamekipenda kitabu. Mkataba huu hapa, wa kurasa tisa. Alete sura ya mwisho na saini yake ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo, vinginevyo nafasi ya mwaka ule atapewa mwingine. Sindano aliusoma kama anavyokagua kitambaa cha bei rahisi, akiuinua kwenye mwanga kutafuta tundu. Tundu alilikuta kipengele cha sita: mchapishaji amiliki haki zote za kazi hii, kwa namna zote zilizopo na zitakazobuniwa, ikiwemo kuisoma au kuisimulia kwa sauti mbele ya watu.

Akampelekea Mwalimu. Mwalimu akaweka miwani juu ya miwani.

"Mwanangu, hawa wamekuchukua mpaka ulimi. Usisaini. Nenda kiwanda cha uchapaji, toa kitabu chako mwenyewe. Utakiuza mwenyewe na utalia mwenyewe, lakini kitakuwa chako."

Ushauri mzuri. Ila Sindano alipokuwa anashuka ngazi wazo likamchoma. Mwalimu huyu huyu ana kitabu chake anachokiandika huu mwaka wa thelathini. Kwa nini hataki cha mwenzake kiingie madukani?

Wifi yake alisema kinyume. "Saini, wifi! Saini leo! Kesho watabadilisha mawazo. Unataka kutembeza vitabu kwenye kapu kama nyanya?"

Ushauri mzuri pia. Ila mbona ana haraka hivyo? Yeye kinamuuma nini?

Hivyo ndivyo alivyoingia wiki ya mwisho, na yuko katikati ya washauri wawili ambao hakumwamini hata mmoja wao, na wa tatu, mchapishaji, ambaye hakumwamini zaidi.

Jumatatu saa nne akaingia Redio. Huyu alikuwa mteja wa zamani na mpasha habari wa barabara nzima. Hakuwahi kuzimwa na hakuhitaji betri.

"Fundi, shoga yangu, simamisha hiyo cherehani usije ukajitoboa. Umeyasikia?"

"Ya nani?"

"Ya yule mwanamume aliyeoa pacha asiye wake! Aibu! Kaposa mmoja, kaletewa mwingine, kafunga ndoa, kala keki, hajui. Unajua nani kagundua? Fundi wa nguo! Fundi kama wewe hivi. Gauni limelegea hapa," akajigusa begani, "vidole viwili tu."

Sindano alijitoboa. Tone la damu likadondoka kwenye kola ya shati la mteja.

"Nani kakuambia?"

"Zahanati, kwenye foleni ya dawa. Mama Mkate ndiye aliyekuwa anasimulia, foleni nzima imesahau ugonjwa."

"Na viatu?"

"Viatu gani?"

"Vya bibi harusi. Vilikuwa rangi gani?"

Redio akamtazama kwa jicho la upande. "Kwa hiyo unayajua haya yote, umekaa kimya! Fundi, wewe ni mtu mbaya." Lakini rangi hakuikumbuka. Aliitwa dirishani kabla hadithi haijafika kwenye viatu.

Sindano akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyojifungua. Mama Mkate, muuza mikate wa kona ya chini, hakuwepo. Alikwenda kumtazama bintiye aliyejifungua, kurudi ni Alhamisi. Na Ijumaa ndiyo siku ya kusaini. Akisaini na kumbe mwizi ni mchapishaji, amempelekea fisi bucha. Asiposaini na kumbe mwizi ni mwingine, amefunga mlango wake mwenyewe kwa ajili ya kosa la mtu.

Hakuweza kukaa kusubiri Alhamisi. Jumanne asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mwalimu. Nakala ilikuwa mezani imefunguliwa, imejaa wino mwekundu kama imekatwa mishipa. Karibu yake lilikuwa daftari la Mwalimu mwenyewe, na Sindano akalipitisha jicho huku akijifanya anatafuta pa kuweka mkoba.

"Mwalimu, umeionaje hadithi?"

"Hadithi?" Mzee akavua miwani moja. "Hadithi sijaifikia, mwanangu. Niko kwenye koma. Unaweka koma kama mtu anayemwagia kuku mtama. Halafu hii 'njano' yako, rangi yenyewe ni manjano. Nimerekebisha mahali patano."

"Lakini yule bibi harusi..."

"Kuna bibi harusi?"

Sindano akashusha pumzi. Mtu anaweza kujifanya mengi, lakini hawezi kujifanya amesoma koma peke yake kurasa mia mbili. Akamtoa Mwalimu kwenye orodha. Wakabaki wawili.

Jioni ile, mguu wake ulipompeleka kwa wifi yake, alikuwa ameshahukumu. Nyumba ilikuwa imejaa. Wenzake wa masjala walikuja kumpongeza kwa kupandishwa cheo, watu watano, vikombe vimetapakaa, vicheko mpaka nje. Na pale kwenye kigoda, Sindano aliiona nakala yake. Juu yake limekaa birika la chai.

"Ndiye huyu?" mgeni mmoja akasema akiinuka kumpa mkono. "Ndiye mwandishi mwenyewe?"

Basi. Aliona inatosha. Akanyanyua birika, akachomoa kitabu, akakifuta kwa gauni lake.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alisema, kwa sauti ambayo kila mtu chumbani aliisikia. "Mimi ni fundi, nguo zote nazijua, nimesahau kukung'uta yangu."

"Wifi, nini tena?"

"Hadithi yangu iko zahanati! Inasimuliwa kwenye foleni ya dawa! Nani kaipeleka?"

Wifi yake akaweka kikombe chini polepole. "Mimi nimewaambia wenzangu kwamba wifi yangu kaandika kitabu. Kwa kujivuna. Sijawaambia ni cha nini. Waulize, wako hapa."

Wageni wakatazama viatu vyao.

"Na kwa nini kinawekewa birika?"

"Kwa sababu nimekisoma mara mbili na nikikiona nakasirika! Hakina mwisho! Umeniandikia 'mwisho upo, nauhifadhi,' kama mimi ni mgambo ninayetaka kukupora." Macho yake yalikuwa yanang'aa, lakini sauti hakuipandisha. "Daftari la kwanza nilinunua mimi, wifi. Nenda nalo hilo. Lakini ukumbuke."

Sindano alirudi nyumbani na kitabu kina duara la birika kwenye jalada. Mumewe alikuwa ameshapigiwa simu.

"Umemwita dada yangu mwizi mbele ya wageni wake?"

"Sikusema mwizi."

"Ulisema chawa," mumewe akasema. Akachukua sahani yake akaenda kula barazani.

Siku mbili Sindano alishona kimya, midomo imebana. Benchi liliona. Walikaa pale wanawake watatu wa kila siku, nyuma ya pazia la kujaribia nguo, wakinong'ona, na kila aliponyanyua kichwa walinyamaza. Hilo nalo akaliandika moyoni: wananong'ona nini?

Alhamisi saa tano Mama Mkate akaingia, na sketi mkononi, uso umetakata kwa raha ya kuitwa bibi.

"Fundi, nipunguzie hapa kiunoni kidogo."

Sindano hakuitazama sketi. Alimkamata mkono kabisa. Rangi tatu zilikuwa zimejipanga kwenye ulimi wake, kijani, bluu, hata njano, na kila moja alikuwa ameshaitungia hotuba.

"Mama Mkate, ile hadithi ya mapacha. Uliyoisimulia zahanati. Bibi harusi alivaa viatu gani?"

"Vyekundu," alisema Mama Mkate bila kufikiri. "Si vile vyeupe vilimbana?"

Sindano akauachia ule mkono. Alipiga magoti chini ya meza ya kukatia, akavuta sanduku la bati, akafungua kwa ufunguo wa shingoni. Madaftari yote saba. Viraka vyote vitano, gundi yake haijaguswa. Vyekundu havikuwa kwenye nakala ya wifi, wala ya Mwalimu, wala ya mchapishaji. Duniani kote vyekundu vilikuwa ndani ya sanduku lile na ndani ya kichwa chake. Akavihesabu viraka tena. Nani anaingia humu? Mumewe? Ana ufunguo wa pili?

"Nani kakuambia vyekundu?" aliuliza kutoka chini ya meza, na sauti yake haikuwa ya fundi tena, ilikuwa ya askari.

Wanawake wa benchi wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo, akaacha.

"Fundi, unatutania?" Mama Mkate akasema. "Si wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye uliyetuambia. Unaposhona unasema."

Sindano akatoka chini ya meza akajigonga kichwa. "Nasema?"

"Yuuu! Tangu mwaka juzi! Unakanyaga, unasema, unakanyaga, unasema. Ukifika pagumu unasimamisha cherehani, unairudia sentensi moja mara tatu, na sisi huku tumeshikana mikono."

"Lakini cherehani ina kelele..."

"Ina kelele kwako wewe uliyeiinamia sikio," alidakia mwanamke wa pembeni, mnyamavu, ambaye Sindano hakukumbuka kumsikia akisema zaidi ya vipimo vyake. "Sisi huku pazia tu linatutenga. Tunakusikia kama mahubiri. Wewe unadhani hapa tunasubiri nguo? Sketi yangu umenipunguzia mara nne, umeniongezea mara tatu. Unadhani mimi nanenepa na kukonda kama mwezi?"

Wakaangua kicheko, benchi likayumba.

"Tunapokezana," akaendelea Mama Mkate. "Asiyekuwepo Jumatano anahadithiwa Alhamisi. Halafu tangu uanze kwenda kule kupiga chapa umetunyamazia! Umetuacha pale fundi anapogonga mlango wa mama yao mapacha. Anagonga, anagonga, kimya. Miezi mingapi hiyo? Pale zahanati mimi sikuwa napiga umbeya, fundi, nilikuwa nauliza kama kuna mtu anayejua mwisho!"

Hapo ndipo Redio, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na mfuko wake, akashika kichwa. "Kwa hiyo hawa watu hawapo? Jamani! Mimi nimeshaapa kwa watu sitini kwamba namjua shangazi yao!"

Sindano alikaa kwenye kiti chake cha cherehani. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema mbele ya wageni watano. Naam. Alikuwa amewawekea wenzake alama kwenye mapindo, kumbe aliyetoboka mfuko ni yeye. Midomo yake aliigusa kwa kidole kama mtu anayekagua jino. Miaka miwili, na hajawahi kuisikia sauti yake mwenyewe.

Ijumaa alikwenda kwa mchapishaji, mkataba kwenye mkoba na daftari la saba, lenye sura ya mwisho, kwenye mkoba, bado hajui kipi kitatoka. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, na ngazini palipangwa maboksi ya vitabu visivyouzwa, yamefunikwa vumbi, mengine yameshageuzwa viti vya kusubiria. Sindano akalikalia moja, akalisoma jina ubavuni, akajiuliza mwenye kitabu kile yuko wapi na kama anajua kimekaliwa.

Mhariri alikuwa mwanamke mwembamba, amechomeka penseli mbili kwenye nywele na anatafuta ya tatu.

"Karibu, dada. Nilikuwa na hamu ya kukuona. Niambie, kwa nini rangi ya viatu umeandika kwa mkono?"

"Kompyuta iliharibika."

"Mara tano?" Mhariri akatabasamu, hakusukuma zaidi. Akafungua ukurasa, ubavuni mwa bluu palikuwa na maneno ya penseli. "Kwa vyovyote, bluu si yake. Huyu mwanamke kaingia kwenye harusi ya mwenzake mbele ya watu mia tatu. Mpe rangi inayopiga kelele."

Sindano akamtazama mara ya pili. Huyu kasoma. Huyu kasoma kweli, na jambo hilo likamtia wasiwasi kuliko kama angekuwa mwizi, kwa sababu mwizi unajua pa kumshika.

"Kipengele cha sita," akasema. "Hapa pa kusimulia kwa sauti. Nikisaini, siwezi kukisoma kitabu changu mbele ya watu?"

"Kwa ruhusa ya ofisi, unaweza. Unaandika barua."

"Na nikiwa nashona?"

"Samahani?"

"Mimi nikishona nasema. Nimeambiwa jana. Ni lazima hadithi initoke mdomoni ndipo ikae. Na watu wapo, wanasikia. Sasa kila nikikaa kwenye cherehani niandike barua?"

Mhariri alianza kucheka, akaona mwenzake hacheki. Akauchukua mkataba, akaenda chumba cha ndani. Sindano alisikia sauti ya mwanamume, nzito, haikukaa muda mrefu. Mhariri akarudi na mkataba ule ule.

"Bosi amekataa. Anasema kipengele cha sita hakiguswi, ni cha waandishi wote. Saini kilivyo au uache." Akateremsha sauti. "Dada, kitabu ni kizuri. Lakini mkataba mimi siandiki, naandika pembeni tu."

"Mimi mteja akija na gauni limembana shingoni," Sindano akasema, "simwambii ni la wateja wote."

Akainuka. Daftari la saba halikutoka kwenye mkoba. Alipofika mlangoni mhariri akamwita, akampa ile nakala ya bluu, imejaa penseli kila ukurasa, kazi ya wiki nzima.

"Chukua. Penseli ni yangu, kitabu ni chako. Itakusaidia."

Sindano alishuka ngazi zote akijiuliza kwa nini amepewa bure. Alipofika barabarani alikuwa bado hajapata jibu, na kwa mara ya kwanza akaliacha swali liende zake.

Mchana ule ule alikwenda kiwanda cha uchapaji, nyuma ya soko, mashine zikinguruma na hewa yote ni wino. Msimamizi alikuwa mteja wake. Wafanyakazi wake wamevaa ovaroli zilizochanika magoti. Wakapatana palepale: ovaroli ishirini na tano mpya, kwa nakala mia tatu za kitabu. Sindano akampima bega msimamizi kwanza, kabla hajabadili mawazo. Kisha akauliza, "Mashine ikimaliza, zile karatasi zinazoharibika mnatupa wapi?"

"Tunachoma."

"Nitakuja kuangalia mkichoma."

Jumamosi asubuhi benchi lilijaa mapema. Habari zilikuwa zimeshasambaa, na tusiulize zimesambazwa na nani. Wakasubiri cherehani ianze. Sindano alikaa, akapachika bobini, akakanyaga, na midomo ameibana kama mfuko wa mwanasheria. Kimya. Cherehani peke yake ikisema.

"Fundi, hata kidogo?" Mama Mkate akabembeleza.

"Mwisho uko kitabuni."

"Mlango tu! Mama yao kafungua au hakufungua?"

"Nipe sketi yako, au leo hujanenepa?"

Saa nne wifi yake akasimama mlangoni, mkoba begani, uso kama siku ya ukaguzi.

"Nimekuja kuchukua gauni langu. Limalizike au lisimalizike."

Sindano akasimama. Benchi likasogea mbele.

"Wifi, nilikutia aibu mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu. Hukuiba. Mwizi alikuwa mdomo wangu."

"Wale wageni wangu walikuwa watano," alisema wifi yake. "Hawa nawahesabu wanne."

"Redio naye yumo."

Wifi yake akamtazama Redio, aliyejikunyata pembeni. Kona ya mdomo ikacheza. "Redio ni watu mia. Haya. Umesamehewa, na baki yako nitakurudishia siku nyingine."

Sindano akapiga magoti, akavuta sanduku, akafungua. Alilishika lile daftari la saba kwa muda, mikono yake miwili ikibishana. Kisha akalitoa.

"Hili hakuna aliyelisoma. Hata mhariri. Lisome hapa hapa, mbele yangu, kabla halijaenda kiwandani. Nataka wewe uwe wa kwanza."

"Hapa hapa," wifi yake akarudia. "Mbele yako."

"Nakuamini, wifi. Lakini hapa hapa."

Wifi yake akatikisa kichwa, akacheka kwa pua, akasogezewa nafasi katikati ya benchi. Akafungua daftari, akaliinamia karibu na kifua. Wanawake wanne na Redio wakamgeukia usoni, wakijaribu kusoma mwisho kwenye nyusi zake. Aligeuza ukurasa. Akageuza mwingine. Mahali fulani mkono ukampanda mdomoni na benchi zima likaguna.

"Nini? Kafungua?"

Hakujibu. Sindano alikuwa amerudi kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio, lakini gurudumu halikuzunguka. Alikuwa amekaza macho kwenye midomo ya wifi yake, kuona kama itacheza, hata kidogo, hata kwa neno moja.

Haikucheza. Ndipo akakanyaga.